Miezi Kumi Nyuma ya Uzio wa Malulu

Kama leo umekabidhiwa pakiti yako ya kwanza ya vidonge vya kifua kikuu, ukarudi nyumbani ukawakuta majirani wamekaa hadi kitandani pako, kila mmoja na dawa yake mdomoni, basi ninakuandikia wewe. Hao majirani siwaandikii. Wao wanajua kila kitu tayari.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona miaka ishirini na mbili kwenye veranda karibu na soko la Busia, upande wa Uganda, na wateja wangu wanatoka pande zote mbili za mpaka. Nilizaliwa Mulanda kwa Wapadhola, nikaolewa Dabani kwa Wasamia. Jina langu ni Nyafwono, ila sokoni naitwa Fundi na nyumbani naitwa Mama Juliet. Nimepona. Lakini mama mkwe wangu, Mama Taaka, jina lake halijapona, na hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuandika. Wapo watu kuanzia Dabani hadi Mulanda wanaosema kwamba alinilisha sumu. Ukisoma hadi mwisho utajua nani alifanya nini, na ukitaka kumdharau mtu utamjua wa kumdharau.

Nianze na malulu, kwa maana bila huo mmea nisingekuwa na la kusimulia. Ni ule wa maua ya njano unaouona kando ya reli, nyuma ya choo, na kila mahali ambapo mtu aliacha kulima. Kwetu Mulanda tunauita makech. Majina yote mawili yanasema uchungu. Wenye vitabu huuita alizeti mwitu, na mimi naona huko ni kuitukana alizeti, kwa sababu alizeti inakupa mafuta, na huu unakupa nini? Hata mbuzi huonja jani moja akakunja uso. Ukiukata leo, kabla ya Jumapili mbili umerudi. Ukitupa kijiti chake jalalani, jalala linachanua.

Nilipoletwa Dabani bibi harusi, nilitarajia ukuta wa matofali, au angalau mawaridi mlangoni. Nilikuta boma zima limezungushiwa malulu. Mvua za kwanza zilipokaribia, mama mkwe akanipa panga na kuniambia twende tukate uzio. Nikacheka mbele ya mawifi, nikasema, "Kwetu hii tunaziba nayo choo." Mama mkwe akachukua panga lake akaenda kukata peke yake. Siku hiyo nilijiona nimeshinda.

Kikohozi kilianza kiangazi, vumbi la malori likiwa limetanda mji mzima, kwa hiyo nililaumu malori. Nilikohoa wiki tatu, nikanunua dawa ya maji dukani, nikakohoa wiki tatu nyingine. Wateja walianza kuja kuchukua vitambaa ambavyo sikuwa nimevikata. "Fundi, nimekumbuka kuna shangazi yangu anashona." Shangazi wote wa Busia walijua kushona mwaka ule. Mwenye nyumba akanihamishia cherehani pembeni, karibu na mfereji, akasema ni kwa ajili ya hewa safi. Wanakwaya wenzangu walikuja kuniombea wakiwa wamesimama mlangoni, leso puani. Waliomba haraka kuliko walivyowahi kuomba tangu niwajue, na hakuna aliyekubali chai.

Kliniki tulikaa kwenye benchi la nje, upande wa nyuma, mbali na mama wajawazito. Nataka nikuambie ukweli kuhusu benchi hilo, maana utakaa juu yake sana. Kila mtu amejifunika. Kila mtu anajifanya amemsindikiza mwingine. Pembeni yangu alikaa mfanyabiashara wa ng'ambo, Mkenya, aliyevuka mpaka ili asionekane kwao, na mimi nilijua Waganda watatu waliovuka kwenda kwake ili wasionekane kwetu. Tulikuwa tunapishana pale mpakani kila wiki, na wote tunajuana. Siku ya kwanza mwanamke mmoja asiyenijua alinigawia nusu ya kiazi chake kitamu bila kunitazama usoni. Nilikila chote na maganda yake.

Aliyeita jina langu alikuwa kijana wa Kiteso anayeitwa Emojong. Alinitazama, akatazama kadi, akafurahi.

"Mama Juliet! Si ni wewe ulinishonea kaptula ya darasa la tano?"

"Ni mimi," nikasema. "Ulikuwa na mapaja ya kuku."

Akacheka, kisha akawa mtu wa serikali. "Sikia, mama. Hii vidonge nne unakunywa asubuhi, kila siku, hakuna kuruka. Mkojo itakuwa nyekundu, usiogope, ni dawa. Lakini ukiona macho inageuka njano, ama unatapika chakula yote, hapo usingoje. Usiulize jirani. Unakuja hapa siku hiyo hiyo. Na miti shamba uache kabisa kabisa. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia kila neno. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu mimi nilifanya juu chini kulisahau. Nilivyotoka pale, kitu pekee nilichokuwa nikifikiria ni ile kaptula. Nilimpima yule mtoto kiuno akiwa anapenga kamasi kwenye mkono wa shati, na leo ananifundisha mimi kumeza.

Mume wangu anaitwa Wandera. Kazi yake ni kupeleka karatasi za malori forodhani na kungoja mihuri, na kungoja kumemwingia mwilini. Alingoja nikohoe damu ndipo akasema labda twende kliniki. Mwenye nyumba aliposema tuhame, akangoja tena. Mwishowe mama yake alimtumia neno kutoka Dabani: "Mlete huyo mtoto kwangu." Tukapanda pikipiki, akanishusha na mfuko wangu wa nguo, akamsalimia mama yake, akarudi mjini kabla chai haijachemka. Si mtu mbaya. Ni mtu wa foleni tu.

Mvua za kupanda zilikuwa zimeanza. Mama mkwe alinitandikia mkeka nje, jua likitoka, upande ambao upepo ungechukua kikohozi changu kwenda shambani. Alinipa kikombe changu na sahani yangu, akavisuuza kwa maji ya moto yeye mwenyewe. Hakuziba pua hata siku moja. Nilikuwa naye ndani ya boma siku nzima, na mazungumzo yetu yalikuwa salamu ya "mulembe" asubuhi na "umekula?" mchana, kwa kuwa tulikuwa tumezoeana hivyo kwa miaka ishirini.

Mwili wangu nilikuwa naupima kwa tepe, ile ya kazi. Kiuno kilikuwa inchi thelathini na sita. Mwezi wa kwanza wa dawa kilikuwa ishirini na nane. Magoti yakawa manene kuliko mapaja. Pete ya ndoa niliizungushia uzi ili isidondoke chooni. Nguo zangu nilizipunguza kwa mkono, nikapiga mshono mpya ndani na kukiacha kitambaa bila kukikata. Watu waliona ni matumaini. Ilikuwa ni uchoyo wa fundi, basi.

Mwaka ule mama mkwe hakukata malulu. Mvua ilinyesha, majirani wakakata zao, wakafukia majani kwenye mashimo ya mahindi kama wafanyavyo huku, yaani majani mabichi chini, udongo juu, kisha mbegu. Zetu zikapanda hadi kumpita mtu aliyesimama, zikaegemea njia. Nilimwambia uzio unatuaibisha. Akasema, "Iache irefuke mwaka huu." Nikaona uzee umemfikia, nikamsikitikia kwa kebehi. Wiki nyingi zilipita kabla sijagundua kwamba watu waliokuwa wakipita njiani kwenda sokoni hawakuwa wakiniona tena nikitema kwenye kikopo, wala nikiogeshwa kama mtoto kwenye beseni. Waliona majani tu.

Mwisho wa mwezi wa tano mvua zilipungua na uzio wote ukachanua. Asubuhi moja nilichukua kioo changu kidogo cha kutazamia kola, nikaona macho yangu nayo yamechanua. Weupe ulikuwa njano.

Nilijua ni nini. Sikubahatisha, nilijua. Maneno ya Emojong yalikuja kichwani yote, kwa sauti yake ile ile. Na nilichofanya ni kukifunika kioo na kukaa.

Siku ya pili jirani yetu Mama Hope aliona. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kukutana na ugonjwa asioujua. Alinishika kidevu, akanigeuza kuelekea jua.

"Banange, hii ni manjano! Na dawa yake si iko hapo kwa uzio? Njano inatoa njano. Mama Taaka, chukua maua na majani, chemsha mpaka maji ikuwe nyeusi, apige vikombe tatu kwa siku. Mimi bwana yangu alipona hivyo."

Bwana yake alikufa. Sitasema zaidi.

Huku kwetu hakuna aliyeshangaa. Ua la njano huponya macho ya njano, ndivyo tulivyolelewa, pande zote mbili za mpaka, na hata watu waliosoma hulichemsha kimyakimya. Lakini mama mkwe hakukimbilia sufuria. Alichuchumaa mbele ya mkeka wangu, akaniuliza, "Mwana wangu, yule daktari wa dawa alisema nini juu ya macho?"

"Hakusema kitu," nikamjibu.

"Kitu chochote?"

"Mama, ni kijana wa juzi yule. Anajua nini? Chemsha tu."

Basi, hilo ndilo jambo lenyewe. Kurudi kwenye lile benchi, nikae mbele ya kaptula, nimwambie "macho yamekuwa njano kama ulivyosema", mimi niliona ni kujidhalilisha. Uchungu wa malulu ulikuwa nafuu. Mmea niliokuwa nikiudharau miaka ishirini nikauona bora kuliko binadamu niliyemdharau miezi miwili. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mguu wangu mimi ulikuwa ini.

Alichemsha. Maji yake ni meusi, na uchungu wake haukai ulimini tu, unashuka hadi tumboni na kuwaita wenzake. Nilikunywa vikombe vitatu kwa siku, siku tisa, na asubuhi nikameza vile vidonge vinne juu yake. Macho yaliongezeka njano, Mama Hope akasema ni uchafu unatoka. Ngozi ikawasha mpaka nikajikuna kwa gunzi la mahindi. Mkojo ukawa rangi ya chai isiyo na maziwa, na mimi nikajiambia Emojong alisema utabadilika rangi. Ona jinsi nilivyokuwa nikimkumbuka pale aliponifaa. Siku ya kumi sikuweza kumeza hata mate, na nilimwita mama mkwe kwa jina la mama yangu aliyekwishakufa.

Hakumngoja mtoto wake. Aliita pikipiki, akakunja kanga mara nne akaiweka kwenye kiti kwa ajili ya mifupa yangu, akapanda nyuma akanifunga kwake kwa shuka, kama anabeba mtoto mgongoni ila kwa mbele. Tulikwenda hivyo mpaka barabara kubwa, na kutoka hapo tukapata gari la kwenda Tororo, kwenye hospitali ambayo sitaitaja.

Wodini daktari alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, ana haraka. Aliivuta kope yangu chini akaiachia.

"Umekunywa miti shamba?"

"Hapana," nikasema.

Nilikuwa nusu mfu na bado nilikuwa na nguvu ya kumdanganya mtu. Daktari akaanza kuandika. Ndipo mama mkwe aliposimama kutoka sakafuni alipokuwa amekaa. Hajui Kiingereza na Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini alisema kwa sauti ya wodi nzima.

"Daktari, amekunywa. Mimi nachemsha, mimi nampa. Malulu. Vikombe tatu, siku tisa. Huyu mtoto ni mgonjwa, usimuulize yeye, uliza mimi."

Daktari alimgeukia akamchamba. Sitayarudia maneno yake. Alimwambia mbele ya vitanda vyote kwamba watu kama yeye ndio wanaoua watu, na yeye akayapokea akiwa ameinamisha kichwa, mikono nyuma, umri wake ule. Mimi nilikuwa nimelala pale nasikia. Ningeweza kusema neno moja. Nilifumba macho.

Vidonge vyote vilisimamishwa. Mama mkwe akatumwa Busia kuileta kadi yangu ya matibabu kliniki, akaenda na kurudi siku ile ile. Kisha tukangoja. Hiki ndicho kipindi kibaya kuliko vyote, na nakuambia ili kikikupata usidhani ni wewe peke yako. Unajua una ugonjwa kifuani, na dawa yake unaiona kabatini kwa muuguzi, na huruhusiwi. Kila asubuhi kope inavutwa. Kwenye kitanda cha pili alikuwa bibi mmoja mwenye mguu uliovunjika ambaye alijipa kazi ya kunisomea macho. "Leo ni ndizi mbivu." "Leo bado ni ndizi." "Leo ni kama ndizi imekataa kuiva." Hakuwahi kunidanganya kunifurahisha, na nilimpenda kwa hilo. Wiki ya tatu alisema, "Leo ni macho." Wakaanza kunirudishia dawa, moja, kisha nyingine, na hesabu ya miezi sita ikaanza upya kutoka sifuri.

Kitanda cha mlangoni kilikuwa na mgonjwa wa Mukuju, si mbali sana na kwetu, na wageni wake walikuwa na masikio mazuri. Kabla sijaweza kukaa bila kushikwa, habari ilikuwa imeshafika Mulanda: Wasamia wamemlisha Nyafwono sumu, na mkwe mtu amekiri mwenyewe mbele ya daktari. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama kuna methali iliyotumiwa na wajinga wengi kuliko hiyo mimi siijui.

Tulirudi Dabani wakati wa kuvuna mahindi. Siku ya kwanza mama mkwe aliniletea maji. Kabla ya kunipa alikiinua kikombe, akanywa funda moja nikiwa naona, akangoja kidogo, ndipo akanipa. Unajua maana yake. Huku kwetu mwenye kumkaribisha mgeni kinywaji huonja kwanza, kuonyesha kwamba hana nia mbaya. Lakini huonjewa mgeni. Haonjewi mtoto wa nyumbani. Alifanya hivyo kwa maji, kwa chai, kwa supu, kila siku, mara nne tano kwa siku. Hakuwahi kusema kwa nini. Na mimi, mwenye mdomo unaojulikana soko zima, nikawa napokea kikombe na kusema ahsante.

Kisha akaugeukia uzio. Alikata malulu zote hadi chini, akachukua jembe akaanza kung'oa mizizi. Mawifi walimwambia aache, akasema hataki kuuona mmea huo. Alifanya kazi wiki mbili. Ng'ombe za watu zikaingia kwenye mihogo yake, watu wa njiani wakaanza kutuchungulia, na Mama Hope, ndiyo, Mama Hope huyo huyo, akapita akasema kwa sauti kwamba aliyeficha ushahidi anajijua. Mvua za pili ziliponyesha, kila mahali alipoacha kipande cha mzizi palichipuka. Sijapata kuona mmea usio na aibu namna ile.

Mwezi wa tisa nilikuwa naweza kusimama nusu saa. Nikachukua panga nikaanza kuutunza ule uzio mwenyewe, bila kuombwa. Nitakupa maelekezo, ingawa hakuna mmea usiohitaji mwalimu kama huu. Unachagua shina lililokomaa, si lile laini la kijani, unalikata urefu wa mkono mmoja. Unalichomeka ardhini kwa kulilaza kidogo, macho mawili, yale ya kuchipukia, chini ya udongo, hatua moja kutoka kwa mwenzake. Usilipe mbolea, litajikuta bwana mkubwa na kuanguka. Mvua zikianza unalikata usawa wa goti, na yale majani unayarudisha shambani. Kiangazi usilimwagilie, haliombi. Kila siku nilichomeka vijiti vitano, nikakaa, nikakohoa, nikachomeka vitano vingine. Mikono ilinuka uchungu hata nikila. Mama mkwe alinitazama kutoka mlangoni na hakunikataza. Mwezi wa kumi na moja palichanua tena, na kiuno changu kilikuwa inchi thelathini na mbili, nikafumua mishono ya kwanza.

Na bado sikusema. Miezi mitano! Nilikuwa na sababu nzuri kila siku. Leo amechoka. Leo kuna wageni. Nikisema sasa nitamuumiza. Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, mwenye nyumba, wanakwaya, mume wangu na mihuri yake, lakini hakuna hata mmoja wao aliyelala kitandani akamwachia bibi wa miaka sabini lawama zake abebe.

Nilimeza vidonge vya mwisho siku chache kabla ya Krismasi. Emojong aliandika kwenye kadi kwamba nimemaliza, akanipa mkono. Nikaushika. Nilirudi Dabani nikawakuta kaka zangu wawili kutoka Mulanda wamekaa barazani, na Wandera pamoja nao, anangoja. Kaka yangu mkubwa anaitwa Owor. Hakutaka kuingia ndani, hakutaka kula.

"Nyafwono," akasema, "wewe umepona, tunashukuru Mungu. Lakini sisi hatuwezi kuacha dada yetu kwa nyumba ya mtu anaua. Wewe sema neno moja tu, leo hii tunakwenda na wewe. Ng'ombe tutarudisha."

Wandera alitazama viatu vyake. Mama mkwe akatoka jikoni na sinia ya uji. Bila shaka alikuwa amesikia. Alichukua kikombe cha kwanza, akaonja, akamwekea Owor mbele yake. Owor hakukigusa. Akaonja cha pili, akamwekea mdogo wake. Naye hakukigusa. Yule bibi akabaki na sinia mkononi.

"Niliambiwa," nikasema.

Owor akaniuliza nimeambiwa nini.

"Kliniki waliniambia siku ya kwanza. Macho yakiwa njano nirudi siku hiyo hiyo, na miti shamba niache. Mama aliniuliza daktari alisema nini. Aliniuliza mara mbili. Nikamwambia hakusema kitu. Nikamwambia achemshe. Kule Tororo nikaulizwa tena, nikadanganya tena, na yeye ndiye alisema ukweli."

"Sasa kwa nini hukwenda?" Owor aliuliza. Alikuwa amekasirika, nadhani kwa kuwa alikuja amejiandaa kumkasirikia mtu mwingine.

"Kwa sababu yule kijana nilimshonea kaptula."

Walinitazama wote. Nilitamani kuwe na sababu nyingine, kubwa zaidi, ya kuwapa. Nikamgeukia mama mkwe, nikapiga magoti pale barazani, nikamwambia anisamehe, kwamba nimemwacha aitwe muuaji na mchawi huku najua, na kwamba nitalisema hili kanisani na sokoni na Mulanda.

Hakulia. Alikuwa bado ameshika sinia.

"Inuka," akasema. "Mimi najua tangu zamani. Siku ile nilikwenda kuchukua kadi, yule kijana aliniambia yote alikuambia."

"Tangu mwezi wa sita?"

"Sasa ningesema nini? Wewe ulikuwa unakufa. Wangesema umejiua mwenyewe, na mume wako angekuacha hospitali. Mimi ni mzee, mimi wananisema, inapita."

Owor akachukua kikombe chake, akanywa chote kwa pamoja, na mdogo wake akafuata.

Mama mkwe alirudi jikoni, akatoka na kikombe kimoja zaidi. Alinipa mkononi moja kwa moja, akaketi. Hakuonja. Uji haukuwa na sukari. Nikaunywa wote.